Sifuri ya Mlima Nyamaa

Kuna mlima ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona kwa macho, nami niliajiriwa kusema kwamba hausogei.

Unaitwa Nyamaa. Uko katikati ya bahari, safari ya siku mbili kutoka Mjini, na kilele chake kiko mita tisini chini ya maji. Ukisimama kwenye sitaha ya meli hapo juu huoni kitu. Maji ni ya buluu kama kwingine kote. Lakini chini ya miguu yako kuna miteremko na mabonde na mabega, na giza linaloshuka mpaka pale ambapo kamba zetu zote huisha. Mara mbili kwa siku bahari huja kuugonga mlima huo. Maji yakijaa, baridi ya kilindini hupanda begani kwake. Yakipwa, baridi hurudi chini na uvuguvugu wa juu huteremka kushika nafasi yake. Kwa miaka kumi na mmoja niliandika kupanda na kushuka huko. Nilikuwa na vipimajoto thelathini vilivyofungwa kwenye mnyororo mmoja, kuanzia kileleni hadi bega la kusini, na chombo kingine kidogo kilicholazwa juu ya mwamba wa kilele, kinachopima uzito wa maji yaliyo juu yake. Kwa uzito huo mtu hujua bahari imejaa au imekupwa kiasi gani.

Jina langu ni Sihaba. Kwenye karatasi za Baraza la Utulivu nilikuwa Mpimaji tu. Aliyekuwapo kabla yangu naye aliitwa Mpimaji, na aliyemtangulia vivyo hivyo, na karatasi zetu zote zilifungwa katika jalada moja. Siku moja nilikuta mwandiko wangu kwenye ukurasa uliojazwa kabla sijazaliwa. Herufi ya M ilikuwa na mkia ule ule ninaouvuta mimi. Niliutazama ukurasa ule kwa muda, nikafunga jalada, nikaenda kunywa chai. Katika nchi yetu mtu hujifunza mapema mambo ya kuyatazama na mambo ya kwenda kuyanywea chai.

Swali langu ni dogo, na nimelibeba tangu ujana. Ili ujue kitu kinasogea lazima uwe na kitu kingine kisichosogea, ukipime kutoka hapo. Mabaharia wana nyota. Fundi ana timazi. Sisi tulikuwa na Nyamaa. Zamani za nyuma Baraza liliamua kwamba kilele chake ndicho sifuri ya nchi nzima, na tangu hapo urefu wa minara, kina cha visima, mipaka ya mashamba, hata ngazi za ikulu, vyote vilihesabiwa kutoka kwenye mwamba ule usioonekana. Lakini nani alithibitisha kwamba umetulia? Ulipimwa kutoka wapi? Niliwahi kumuuliza mkuu wangu wa kwanza. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Sihaba, umetulia kwa sababu tumeandika umetulia. Kama unataka jibu jingine, tafuta kazi nyingine."

Sikutafuta kazi nyingine.

Kisha Baraza likajenga Nyumba ya Chini. Ilikuwa nyumba ya chuma, mviringo, yenye madirisha madogo manne, ikatuliwa juu ya kilele cha Nyamaa na watu watano wakapelekwa kuishi ndani yake. Ilisemwa kwamba hapo ndipo zitakapohifadhiwa sheria zote na baadaye wakubwa wote, mahali pasipo na upepo wala msimu wala habari. Kabla ya kuijenga, Baraza lilihitaji karatasi moja kutoka kwangu.

Vipimo vya mwaka ule vilikuwa na kasoro. Maji juu ya kilele yalikuwa yamepungua kwa vidole vinne, wakati bandari zote zilionyesha bahari iko pale pale. Bwana Vuai, msemaji wa Baraza, alikuja ofisini kwangu, akaketi bila kukaribishwa. Ni mtu mpole. Hajawahi kupaza sauti mbele yangu hata mara moja.

"Vidole vinne ni nini, Mpimaji?"

"Ama bahari imeshuka, mheshimiwa, ama mlima umepanda."

"Au chombo kimechoka."

"Chombo ni kipya."

"Basi kimezaliwa kimechoka," akasema, na akatabasamu. "Sogeza sifuri kwa vidole vinne, mambo yawe sawa. Mumeo ni mchomeleaji, sivyo? Nyumba ile itahitaji mchomeleaji. Ni heshima kubwa."

Nikasogeza sifuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Karatasi yenye saini yangu ikasema mlima umetulia, nyumba ikajengwa, na Kombo, mume wangu, akashuka na wenzake wanne. Nilimwambia nini wakati wa kuagana? Nilimwambia avae soksi.

* * *

Sasa nisimulie siku ya bamvua kubwa.

Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi, na ile ilikuwa kubwa kuliko zote za mwaka. Meli yetu ilikuwa imesimama juu ya Nyamaa tangu juzi yake. Saa tisa alasiri, maji yatakapofika mwisho wa kupwa, Mkuu wa nchi angezungumza kwa simu na watu wa Nyumba ya Chini, na mazungumzo yangesikika redioni kote. Bwana Vuai alikuwemo melini na walinzi wawili kusimamia jambo hilo. Mimi nilikuwemo kuvuta mnyororo wa vipimajoto na kuusoma, kama kila mwezi.

Tulianza kuuvuta saa tatu asubuhi. Aliyeendesha winchi alikuwa Pandu, mtu wa makamo mwenye mabega mapana na hasira za karibu, ambaye nimefanya naye kazi miaka yote hiyo. Mnyororo ulipanda taratibu ukidondosha maji. Ilipofika nanga ya mwisho, iliyokuwa imelala begani mwa mlima, ilikuja na bonge la tope jeusi. Pandu alishika ili alibandue, akarudisha mkono ghafla.

"Bi Sihaba. Njoo ushike hapa."

Nikashika. Tope lilitoka kina cha mita mia nne, mahali ambapo maji hutia vidole ganzi. Lilikuwa vuguvugu kama mkate uliotoka kuokwa. Lilinuka mayai viza.

"Huko chini kuna mtu anapika," Pandu akasema. Hakucheka.

Nikaingia chumbani kwangu na kusoma vipimo vyote. Begani, maji yakipwa, joto la kawaida ni nyuzi kumi na tatu. Wiki mbili nyuma lilikuwa kumi na tano. Wiki moja nyuma, kumi na saba. Jana, ishirini. Lilipanda kila maji yalipokupwa, likashuka kidogo yalipojaa, likapanda tena zaidi. Nikakisoma na chombo cha kileleni. Maji juu ya Nyamaa yalikuwa yamepungua kwa dhiraa nzima, na juu ya dhiraa hiyo niliongeza vidole vinne vyangu mwenyewe, vile nilivyovificha.

Mlima ulikuwa unavimba.

Nilikaa na karatasi ile nikahisi chumba kinainama, ingawa bahari ilikuwa shwari. Niliona jambo zima kwa uwazi ambao sijawahi kuupata tena. Bahari ni mzigo. Ikijaa, huulemea mlima na kulizuia lililo ndani yake. Ikipwa, mzigo hupungua, na linalosukuma kutoka chini hupata nafasi. Mara mbili kwa siku, tangu dunia iwe dunia, mzigo ule hutoka na kurudi, na lililo chini hujaribu nguvu zake na kuahirisha. Leo saa tisa mzigo ungepungua kuliko siku nyingine yoyote. Mume wangu alikuwa amelala juu ya kifuniko.

Nikapanda hadi chumba cha usukani. Nahodha wetu alikuwa Mize, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye baba yake pia alikuwa nahodha. Bwana Vuai alikuwa ameketi kwenye kiti chake akimenya chungwa. Nikawaeleza wote wawili kwa maneno machache kadiri nilivyoweza.

Vuai alikula kipande kimoja kwanza. "Sogeza sifuri," akasema.

"Nilikwisha kuisogeza mara moja, mheshimiwa."

"Basi unaijua njia."

"Kuna watu watano mle ndani."

"Kuna watu milioni kadhaa Mjini," akasema kwa upole ule ule, "na kila mmoja analala usiku kwa sababu anaamini kuna kitu kimoja duniani kisichotikisika. Unataka niwaambie nini? Kwamba visima vyao, kuta zao, mipaka yao, vyote vimepimwa kutoka kwenye kitu kinachopumua? Hapana, Mpimaji. Saa tisa Mkuu atazungumza na watu watano waliotulia. Baada ya hapo tutaangalia."

Akatoka na chungwa lake. Mize alingoja mpaka nyayo zake zikapotea ngazini.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Ninao."

"Nyumba na simu ni za Baraza," akasema. "Sina amri juu yavyo. Lakini kengele ni ya meli." Alizungumzia kengele ya wapiga mbizi, kile chumba kidogo cha chuma kinachoning'inia kwa waya, ambamo watu huingia wakiwa chini na kuvutwa hadi juu wakiwa bado kwenye mgandamizo wa kilindini. "Mtu akiingia kwenye kengele na kugonga mara tatu, sheria ya bahari inanilazimu nimvute, hata akiwa mwizi. Ila wao ndio wagonge. Mimi siwezi kuwagongea."

"Inachukua wangapi?"

"Watatu. Safari mbili kwa watu watano. Kila safari, kushuka, kupakia, kupanda na kuunganisha na chumba cha mgandamizo, ni saa moja unusu, tukienda mbio."

Ilikuwa saa tano. Simu ya kila siku, ambayo kwayo nilibadilishana vipimo na Nyumba ya Chini, ilikuwa saa sita kamili.

* * *

Watu wanaoishi kwenye mgandamizo ule huvuta hewa iliyochanganywa na heliamu, na heliamu huibadili sauti. Humfanya mtu mzima aongee kama bata. Tulikuwa na mashine ya kuzinyoosha sauti zao, lakini ilizinyoosha zote mahali pamoja, hivyo watu watano walitoka upande wa pili wakiwa na sauti moja, nyembamba, isiyo na umri wala asili. Miezi mitatu nilizungumza na mume wangu nisiweze kuapa kwamba ni yeye. Nilimjua kwa kukohoa kwake, nao wote walikuwa wameanza kukohoa.

Vuai aliketi kando yangu. Mlinzi alisimama mlangoni. Nikainua simu.

"Nyumba ya Chini, hapa juu."

"Tunakusikia."

"Nani anaongea?"

"Kombo."

Kisha sauti ile ile, au pacha wake, ikasema nyuma, "Mwambie maji ya moto ya kuogea yamezidi leo, hatukuyawasha sisi."

Vuai alinisogezea karatasi aliyoiandika mwenyewe yenye vipimo vya kawaida, akiigongagonga kwa kidole. Nikaitazama. Nilikuwa na sauti ya Mpimaji kooni, tayari kabisa, imenyooka, sauti iliyosoma karatasi za namna ile kwa miaka kumi na mmoja na labda kabla yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kuiachia itoke.

"Kombo," nikasema, "mlima unavimba. Umepanda dhiraa moja na vidole vinne. Uvimbe wa kwanza, wa mwaka jana, niliuficha mimi. Saa tisa maji yatakupwa kabisa na sidhani kama mwamba utahimili. Ingieni kwenye kengele sasa hivi, watatu watatu, mgonge mara tatu. Usiulize mtu—"

Vuai aliniondolea simu mkononi bila kunivuta, kama mtu anayempokea mgonjwa kikombe. Nikasikia mle ndani ya waya zogo la sauti moja ikibishana na yenyewe. Mmoja akasema, "Lakini karatasi iko hapa ukutani! Ina saini yake. Mlima umetulia." Huyo, nilijua baadaye, alikuwa Ngwali, kiongozi wao. Mwingine akasema, "Si amesema aliuficha?" Mwingine, "Lini alisema kweli, mwaka jana au leo?"

Lini nilisema kweli. Ndiyo. Hilo ndilo lililokuwa swali.

"Wananchi," Vuai akasema kwenye simu, "Mpimaji hajisikii vizuri. Kaeni mlipo. Mkuu atazungumza nanyi saa tisa. Vaeni sare." Akakata.

Hakunipiga wala kunitukana. Alimwambia mlinzi anipeleke sitahani nikapate hewa.

Kwa dakika ishirini hakuna kilichotokea. Pandu alisimama kwenye winchi yake, kichwa kikiwa upande, ameshika waya wa kengele kwa kiganja kama daktari anayeshika mkono wa mtu. Kengele ilikuwa imening'inia chini, kandoni mwa nyumba, kama kila meli inapokuwapo. Kisha akafumba macho.

"Moja," akasema. "Mbili." Akangoja. "Tatu. Nahodha! Wamegonga!"

"Vuta," Mize akasema kutoka juu.

Winchi ikanguruma. Vuai alitoka mbio, mara ya kwanza kumwona akikimbia, lakini mita tisini za waya zilishaanza kupanda na hakuna mlinzi aliyejua namna ya kuzisimamisha. Saa saba na robo kengele ilifungwa kwenye chumba cha mgandamizo. Chumba kile kina dirisha dogo la kioo kinene. Nikaweka uso wangu pale. Akatokea Shehe, mpishi wao. Akatokea Bakari wa mitambo. Wa tatu aliingia kinyumenyume, akivuta mguu, akageuka, na alikuwa Kombo.

Nilifurahi. Niandike hivyo, kwa kuwa nimejiahidi kuandika yote. Watu wawili walikuwa bado chini na mimi nilifurahi.

Nilipogeuka, Vuai alikuwa ameshika ufunguo wa winchi.

"Watatu wanatosha," akasema. "Wawili walioamua kubaki wamebaki kwa hiari. Mkuu atazungumza na wawili."

"Bwana Vuai," Mize akasema, "nipe ufunguo."

"Nahodha, fikiria watoto wako."

"Ninawafikiria. Nipe ufunguo."

Walisimama hivyo. Walinzi walikuwa na bunduki na mabaharia walikuwa kumi na wanne, na kila mtu alihesabu. Sijui kusimama kule kulichukua muda gani. Wengine walisema dakika kumi, Pandu aliapa ilikuwa nusu saa nzima. Mimi naona kama bado tumesimama pale, na mkono wa Mize umenyooshwa, na jua limekwama. Mwishowe mlinzi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alisema kwa sauti ya kuchoka, "Mheshimiwa, mpe tu. Hata mimi maji haya yananitisha." Tukatazama maji. Yalikuwa yamebadilika rangi kuwa kijani cha maziwa, na samaki wadogo walielea juu, matumbo yao yakiwa meupe.

Vuai akatoa ufunguo. Kuitoa kengele kwenye chumba nako kulikula muda; saa nane na nusu ikaanza kushuka.

Ilikuwa mita thelathini simu ilipolia. Niliichukua, na safari hii hakuna aliyenizuia.

"Hapa Faki," sauti ikasema. Faki alikuwa mpiga mbizi wao, mtu wa utani mwingi. "Kengele iko wapi?"

"Inashuka, Faki. Iko njiani. Ngwali yuko wapi?"

"Amekaa kitandani, amevaa sare. Hasemi. Mpimaji, kipimajoto cha nje kinasoma ishirini na nne."

"Nasikia."

"Kawaida ni ishirini na mbili."

"Ndiyo."

"Ishirini na saba sasa." Alisoma taratibu, vizuri, kama nilivyomfundisha. "Sakafu inatetemeka kidogo. Dirisha la kusini silioni tena, kuna vumbi. Thelathini na moja. Mpimaji?"

"Niko hapa, Faki."

"Hii ni kawaida?"

Waya wa kengele ulikuwa umefika mita sitini. Pandu alikuwa analia huku anaendesha.

"Siyo kawaida, Faki," nikasema. "Siyo kawaida."

"Haya," akasema. "Thelathini na sita."

Baada ya hapo simu ilibaki na mvumo tu. Bahari ilivimba chini yetu, duara kubwa, laini, bila wimbi, meli ikainuliwa na kutua. Waya ukalegea. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini, kabla hata maji hayajamaliza kupwa.

* * *

Mtu aliyetoka kilindini hawezi kutolewa mara moja. Lazima akae siku nne katika chumba cha mgandamizo, hewa ikipunguzwa kidogo kidogo, la sivyo damu yake itachemka. Siku nne nilikaa kando ya dirisha lile huku meli ikirudi Mjini polepole. Kombo hakunitazama mpaka siku ya tatu. Kisha akaomba simu ya ndani.

"Faki alikuwa ameshaingia kwenye kengele," akasema kwa sauti ile ya bata. "Alikuwa ameketi. Akanitazama akasema, toka hapo mlangoni uingie wewe, mkeo ameita jina lako, mimi hakuna aliyeniita. Nitakuja na safari ya pili. Akashuka."

"Nawe?"

"Nikaingia." Akaweka kiganja kwenye kioo. "Sikubisha, Siha. Hata mara moja. Nilitakiwa kubisha kidogo."

Nilipoita jina lake sikuwa nimefikiri kwamba ninachagua. Kulikuwa na majina matano.

Tulipofika Mjini hakuna aliyekamatwa. Hilo lilinitisha kuliko pingu. Mize alipewa likizo isiyo na mwisho, Pandu akahamishiwa bandari ya mbali, na kwangu ikaja nakala ya taarifa ya siku ile, imesainiwa "Mpimaji", ikisema bahari ilikuwa shwari na mlima umetulia. Mwandiko ulikuwa wangu, pamoja na mkia wa M. Sikuiandika mimi. Niliirudia mara tatu nikitafuta ndani yangu mahali ambapo kitendo kile kingeweza kuwa kimetendeka bila mimi kujua, na nisingeweza kula kiapo kwamba hapapo.

Kisha redio ikaanza. Kila siku saa kumi alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu kutoka Nyumba ya Chini. Ngwali na Faki, walisema, wamechagua kubaki. Sauti ilikuwa nyembamba, imenyooka, isiyo na umri. Ingeweza kuwa ya yeyote. Iliwasalimu wananchi, ikasema hakuna joto wala baridi, ikasema kule chini ni leo siku zote. Watu waliipenda. Walisimama madukani kuisikiliza. Ngwali hakuwa na familia. Faki alikuwa na mke.

Nilikwenda kwake siku ya kumi na mbili, saa kumi kasoro dakika chache, kwa makusudi. Nilijua nikichelewa zaidi nitazoea. Anaitwa Mboja, anashona mapazia, anakaa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha barafu katika chumba cha chini chenye dirisha linaloangalia barabara. Alikuwa amevaa vizuri, bangili mikono yote miwili, wanja machoni. Baraza lilimtaka avae hivyo. Wapiga picha walikuja mara kwa mara. Nilimwambia mimi ni nani.

"Karibu," akasema. "Kaa. Kipindi kinakaribia."

"Bi Mboja, sikuja kusikiliza kipindi."

Akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa mapajani mwake, akikikunja vizuri, ncha kwa ncha.

"Faki amekufa," nikasema. "Siku ile ile ya bamvua. Nilikuwa naye kwenye simu. Alikuwa anasoma joto la maji, na aliniuliza kama ni kawaida, nikamwambia siyo. Alikuwa ameshapata nafasi ya kupanda juu, akampa mume wangu, na mume wangu akaikubali haraka. Na mwaka jana mimi ndiye niliyeandika kwamba mlima umetulia. Nilijua haukutulia. Ngwali alikataa kupanda kwa sababu ya karatasi yangu."

Hapo redio ikajiwasha, au aliiwasha yeye, sikuona. Sauti ile nyembamba ikawasalimu wananchi. Kisha ikasema: "Na kwako wewe, mke wangu mpenzi Mboja, niko salama."

Mboja aliisikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

"Miaka tisa," akasema, "hajawahi kuniita mke wangu mpenzi. Aliniita Mzigo. Mzigo, chai iko wapi. Mzigo, njoo tulale." Akaizima. "Siku ya kwanza tu nilijua. Nimekaa nangoja mtu aje aniambie kwa mdomo, ili nisiwe mimi niliyemuua peke yangu kichwani."

Nikaanza kusema neno la kuomba radhi. Akainua mkono.

"Usiniombe kitu leo. Sina. Siku nyingine, pengine, au pengine hapana." Kisha akaninyooshea mikono yote miwili. "Nivue hizi bangili. Peke yangu siwezi."

Nikamvua moja moja. Zilikuwa kumi na mbili, na mbili zilibana, ikabidi nitie sabuni. Akafuta wanja kwa ukingo wa kanga. Akachomoa picha ya Baraza mlangoni, akageuza kitanda, akatandika mkeka chini, akaketi juu yake na kujifunika kitambaa cheupe kisicho na ua, uso kuelekea ukutani, kama anavyokaa mwanamke aliyefiwa na mume. Miezi minne na siku kumi. Mke wa mtu aliye hai hakai eda. Kila mtu mtaani alilijua hilo, na Baraza pia.

"Fungua mlango," akaniambia. "Uache wazi."

Nikafungua. Barabarani redio za majirani zilikuwa bado zinaongea. Jirani wa mbele, Bi Kazija, mwanamke mnene muuza mkaa, alikuwa anapita na kikapu. Akachungulia ndani, akaona mkeka, akaona kitambaa.

"Mboja? Una nini, mwenzangu? Mbona umevua vitu vyako?"

"Nimefiwa," Mboja akasema bila kugeuka.

Bi Kazija alitazama barabara upande huu, akaitazama upande wa pili. Kule kona, chini ya nguzo ya simu, mtu mmoja aliyevaa shati la kijivu aliacha kusoma gazeti. Kikapu kilikuwa kizito, nilimwona akikihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na tena, na uso wake ulikuwa umekauka kwa hofu. Nilidhani ataondoka. Asingekuwa na lawama.

Akakiweka kikapu chini, akavua viatu, akavuka kizingiti.

"Makiwa," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye nguzo.

"Tunayo," Mboja akajibu.